Je, kitongoji chako kipo kwenye ramani ya afya?

Mgawa dawa amefika kijijini. Ameshika daftari, kopo la vidonge na fimbo yenye alama za kupimia urefu. Anapita nyumba kwa nyumba akiita majina. Majirani zako wa bondeni wameitwa wote na kumeza dawa mbele yake. Ninyi mnaoishi juu, ng'ambo ya kijito, hamkuitwa. Mgawa dawa hana ubaya na mtu. Daftari lake limetokana na orodha, orodha imetokana na ramani, na katika ramani hiyo kitongoji chenu hakipo.

Mpendwa msomaji, hali kama hiyo inaweza kumpata yeyote anayeishi mahali penye milima na mabonde. Ndiyo maana wiki hii tunaacha kidogo habari za vidonge na vipimo, tuzungumze juu ya ramani. Huenda ukajiuliza, mgonjwa na ramani wapi na wapi? Ukimaliza kusoma utaona kwamba dawa unayopewa, chandarua anacholalia mtoto wako na gari linalomfuata mama mjamzito usiku, vyote hupita kwanza kwenye ramani kabla ya kufika mlangoni kwako.

Tuanzie Matombo

Ukitoka Morogoro mjini kwa barabara ya Bigwa, ukapita Kiroka na Mkuyuni, unaingia Matombo, upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru. Wenyeji watakueleza kwamba jina hilo kwa Kiluguru linamaanisha matiti, kwa sababu ya mawe mawili yaliyosimama kama matiti ya mama. Hapo pana misheni ya Wakatoliki iliyoanza mwishoni mwa karne ya 19. Upande huu wa milima hupata mvua nyingi kuliko upande wa magharibi, na maji yake huteremka hadi Mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa hata Dar es Salaam.

Milima hii ina vilele vinavyozidi mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, wakati mashamba ya chini yako mita mia chache tu. Watu hawaishi pamoja kama mjini. Nyumba tatu ziko mgongoni mwa kilima, nyingine tano ziko karibu na kijito, nyingine zimejificha nyuma ya migomba. Kwa mtu anayepanga huduma za afya akiwa ofisini, eneo la namna hii ni mtihani. Atajuaje mko wangapi, mko wapi, na mnaugua nini?

Ramani iliyopeleka dawa ya usubi milimani

Jibu moja zuri lipo katika ugonjwa ambao wazee wa milimani wanaufahamu: usubi, ambao wengine huuita upofu wa mtoni. Usubi huenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye maji yanayokwenda kasi, penye mawe na maporomoko. Hapa Afrika Mashariki kuna hata aina ya inzi hao ambao viluilui vyao hukua vikiwa vimejishika juu ya kaa wa mtoni. Inzi akikuuma mara nyingi, huingiza mwilini minyoo inayojikusanya na kutengeneza vinundu chini ya ngozi, hasa nyongani na mbavuni. Minyoo hiyo huzaa minyoo michanga kwa mamilioni, nayo husambaa kwenye ngozi na macho. Mgonjwa huwashwa usiku na mchana, ngozi hubabuka na kupata mabaka kama ya chui, na hatimaye anaweza kupofuka.

Katika Tanzania ugonjwa huu umejulikana kwa miaka mingi Mahenge, Kilosa na Milima ya Uluguru mkoani Morogoro, vilevile Tanga, Ruvuma na Tukuyu. Ugonjwa hufuata mito. Mwanakijiji wa bondeni penye maporomoko anaweza kuwa hatarini, na wa kilomita kadhaa kutoka hapo akawa salama.

Mwaka 1995 ulipoanzishwa Mpango wa Afrika wa Kudhibiti Usubi, swali la kwanza lilikuwa hilo hilo: dawa ipelekwe wapi? Dawa yenyewe, ivermectin, ilikuwapo. Kampuni ya Merck iliahidi mwaka 1987 kuitoa bure kwa muda wote itakapohitajika. Lakini kumpima kila mtu katika kila kijiji cha Afrika kusingewezekana.

Wataalamu wakaanza na ramani. Walichukua ramani za mito na milima, wakaweka alama mahali ambapo inzi wangeweza kuzaliana. Kisha wakachagua vijiji vichache vilivyo karibu na mito hiyo na vingine vilivyo mbali kidogo, ili kulinganisha. Katika kila kijiji walipima wanaume wazima wapatao 30 hadi 50 walioishi hapo kwa miaka 10 au zaidi. Kipimo chenyewe kilikuwa vidole tu: mtaalamu alipapasa nyonga, mbavu na magoti akitafuta vinundu. Hakukuwa na sindano wala maabara.

Matokeo ya kila kijiji yaliingizwa kwenye kompyuta pamoja na mahali halisi kilipo. Kompyuta ikakadiria hali ya vijiji vilivyo katikati ambavyo havikupimwa. Maeneo ambayo angalau mtu 1 kati ya 5 alikuwa na vinundu yalitiwa rangi nyekundu, maana yake watu wote wanaostahili wapewe dawa kila mwaka. Yasiyohitaji dawa yakawa ya kijani. Yaliyoacha shaka yakatiwa njano, maana yake mrudi mkapime tena. Katika nchi 20 za mpango huo, vijiji 14,473 vilipimwa na zaidi ya watu nusu milioni walipapaswa. Morogoro ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoingizwa katika mradi wa kugawa dawa kupitia wanajamii wenyewe.

Basi, mzee wa milimani aliyekubali kupapaswa siku ile alisaidia kuchora ramani iliyowaletea dawa wajukuu zake. Ndivyo ramani ya afya inavyofanya kazi.

Kompyuta inapangaje ramani?

Mfumo unaotumika unaitwa Mfumo wa Taarifa za Kijiografia, na wengi huutaja kwa kifupi, GIS. Usitishwe na jina. Fikiria karatasi kadhaa za plastiki zinazopitisha mwanga. Ya kwanza imechorwa mito peke yake. Ya pili ina barabara na njia za miguu. Ya tatu ina mistari ya kontua inayoonyesha miinuko. Ya nne ina nukta za zahanati, vituo vya afya na shule. Ya tano ina idadi ya watu, kama ile ya Sensa ya mwaka 2022. Ukizipanga moja juu ya nyingine unaanza kuona mambo ambayo orodha ndefu ya majina haikuonyeshi: kitongoji kile kimetengwa na zahanati kwa mto, shule ile iko pembeni ya mahali inzi wanapozaliana.

Karatasi hizo zinakaa sawasawa kwa sababu kila kitu kina anwani yake duniani, yaani latitudo na longitudo. Matombo, kwa mfano, iko karibu digrii 7 kusini mwa Ikweta. Simu janja nyingi zinaweza kusoma anwani hiyo kwa setilaiti, ndiyo maana siku hizi utamwona mtumishi wa afya au karani akisimama mbele ya nyumba yako na kushika simu kwa dakika moja kabla ya kuandika. Hakupigi picha kwa siri. Anachukua mahali ulipo. Una haki ya kumuuliza ni ya nini, naye ana wajibu wa kukujibu.

Programu nyingine za kazi hii, kama QGIS, hutolewa bure. Kwa hiyo hata ofisi ndogo yenye kompyuta moja inaweza kutengeneza ramani. Kinachokosekana mara nyingi ni taarifa sahihi kutoka chini, na hapo ndipo mgonjwa na mzazi mnapoingia.

Unapoulizwa "unaishi wapi?"

Ukifika zahanati, mhudumu huandika jina, umri, mahali unapoishi na ugonjwa wako katika vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Kila mwezi takwimu hizo hujumlishwa na kupelekwa wilayani, kisha huingia kwenye kompyuta. Humo ndimo zinamotoka ramani nyingi za afya unazoziona kwenye mikutano na kwenye magazeti.

Sasa tuseme watoto 10 wameletwa wiki moja wakiwa na kuhara kukali. Wazazi wote wakiulizwa wanakoishi wanajibu, "Matombo." Ni kweli, wote ni wa Matombo. Lakini Matombo ni jina la tarafa, na tena watu hulitumia kwa eneo lote linalozunguka misheni. Katika ramani nukta 10 zitarundikana mahali pamoja, na hakuna atakayejua chanzo. Kama kila mzazi angetaja kijiji na kitongoji, pengine ingeonekana kwamba 8 kati ya hao wanachota maji kwenye kijito kimoja.

Hilo si jambo la kubuni. Mwaka 1854 jijini London, daktari John Snow alitia alama za vifo vya kipindupindu kwenye ramani ya mtaa wa Soho. Alama zikazunguka pampu moja ya maji ya Broad Street. Mpini wa pampu ukaondolewa. Wakati ule wengi waliamini kipindupindu huletwa na hewa chafu, na hakuna aliyeweza kumwonyesha mwenye shaka kidudu chenyewe ndani ya maji. Kilichobeba hoja ni mahali wagonjwa walipoishi, vifo vikitiwa alama nyumba kwa nyumba.

Kwa hiyo ukiulizwa unaishi wapi, taja kijiji, kitongoji na jina la mwenyekiti wa kitongoji. Kama umetoka shambani ambako umelala wiki mbili, sema pia. Mtu anaweza kuwa mkazi wa kitongoji cha juu lakini malaria ameipata akilinda mpunga bondeni.

Kilomita 5 za ramani na kilomita 5 za miguu

Kwa miaka mingi lengo nchini limekuwa mwananchi asiwe mbali na kituo cha kutolea huduma kwa zaidi ya kilomita 5, na Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa 2007 hadi 2017 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Kwenye ramani ni rahisi kuchora duara la kilomita 5 kuzunguka zahanati na kusema waliomo ndani wamefikiwa.

Lakini wewe uliyembeba mtoto mgongoni ukishuka mlima wakati wa masika unajua duara hilo linaficha nini. Ndege huruka moja kwa moja, binadamu hufuata njia. Kilomita 3 za kwenye karatasi zinaweza kuwa bonde la kuteremka, kijito cha kuvuka na kilima cha kupanda. Kijito kikijaa, kilomita 3 zinageuka kuwa kesho asubuhi.

Wataalamu wanalijua tatizo hili. Shirika la Afya Duniani lina programu iitwayo AccessMod, inayokokotoa muda wa safari kwa kuangalia mwinuko, mito, barabara na kama mtu anatembea au amepanda gari. Ramani ya namna hiyo haichori duara. Huchora umbo lisilo la kawaida, limerefuka kando ya barabara na kufinyika penye mlima. Ukihudhuria mkutano wa kijiji au wa kamati ya zahanati na ukaonyeshwa ramani ya maduara, uliza swali moja tu: hii ni kilomita au ni saa za kutembea, na ni wakati wa kiangazi au wa masika? Swali hilo halihitaji shahada.

Kwa mama mjamzito, tofauti hiyo ni uhai. Huduma ya dharura ya m-mama, ambayo ilizinduliwa kitaifa mwaka 2022, hutumia namba 115 ambayo kupiga ni bure. Ni kwa ajili ya mama mjamzito, mama aliyejifungua karibuni na mtoto mchanga. Anayepokea simu huuliza maswali juu ya hali ya mgonjwa, kisha hutafuta gari la wagonjwa, na kama halipo karibu huita dereva wa kijamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa na mfumo, si na familia. Yote hayo hutegemea kujua mgonjwa yuko wapi.

Usisubiri uchungu uanze ndipo ufikirie maelezo. Andika sasa kwenye karatasi na uibandike nyuma ya mlango: jina la kijiji, kitongoji, alama inayojulikana kama shule, kanisa, msikiti au daraja, na mahali hasa gari linapoweza kufika. Kama gari haliwezi kupanda hadi kwenu, taja mtakapokutana nalo. Kisha panga na vijana wa jirani watakaobeba machela hadi hapo.

Namna ya kusoma ramani ya afya

Ukiona ramani ya ugonjwa gazetini, kwenye televisheni au ukutani zahanati, usikimbilie rangi. Anza na kichwa: inahusu nini, na ya mwaka gani? Ramani ya malaria ya miaka 10 iliyopita ni historia. Angalia ufunguo, uone kila rangi ina maana gani. Angalia kipimio. Katika ramani ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1.

Halafu jiulize kama rangi inaonyesha idadi ya wagonjwa au uwiano. Wilaya yenye watu wengi mara nyingi itakuwa na wagonjwa wengi. Hiyo haina maana kwamba mtoto wa huko yuko hatarini kuliko wa kwenu. Ramani ya haki huonyesha wagonjwa wangapi kati ya kila watu 1,000.

Jambo la tatu, rangi moja hufunika mambo mengi. Tanzania imegawa halmashauri zake katika makundi ya kiwango cha malaria, kutoka kidogo sana hadi kikubwa, kwa kutumia vipimo vya watoto wa shule, vya wajawazito kliniki na takwimu za vituo. Mgawanyo huo unasaidia kuamua wapi pagawiwe vyandarua zaidi na wapi pafuatiliwe mgonjwa mmoja mmoja. Lakini halmashauri ya Morogoro ina vilele vya baridi na mabonde ya joto. Rangi moja ikiwekwa juu ya yote, wa juu na wa chini wanaonekana sawa.

Kwa hiyo rangi ya ramani ni ya mpangaji, si ya mtoto wako. Mtoto akipata homa, hata kama mnaishi mahali palipotiwa rangi ya "malaria kidogo," mpeleke akapimwe ndani ya saa 24. Na pale palipoachwa peupe, usidhani ni salama. Mara nyingi nyeupe maana yake ni kwamba hakuna aliyekwenda kupima.

Wanaotengeneza ramani nao wana wajibu kwako. Ramani ya ubao wa matangazo iwe na herufi kubwa, iwe na alama ambazo wanakijiji wanazijua, na rangi ziende kutoka hafifu hadi iliyokolea ili mtu aelewe bila kufundishwa. Kuna watu, wengi wao wanaume, ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani. Kwao ramani ya nyekundu na kijani ni karatasi ya rangi moja.

Ramani iliyosaidia watoto wa Afrika Mashariki

Wazazi, kuna hadithi moja ya kwetu inayofaa kujulikana. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alimwona mtoto mwenye uvimbe wa ajabu kwenye taya. Akaona wengine. Alianza kutuma barua na picha hospitalini kuuliza nani mwingine amewaona watoto wa namna hiyo, na majibu akayatia kwenye ramani. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari kuu kuu takriban kilomita 16,000 kupitia Afrika Mashariki hadi kusini mwa bara, wakitembelea hospitali zaidi ya 50.

Ramani ilionyesha kwamba uvimbe huo, ambao sasa huitwa limfoma ya Burkitt, hupatikana penye joto na mvua na ni nadra kwenye miinuko ya baridi. Huo ndio mpaka wa malaria pia. Hatua hiyo iliwasaidia watafiti kugundua virusi vinavyohusika mwaka 1964, na baadaye kuelewa namna malaria inavyochangia. Leo saratani hii hutibika ikiwahiwa. Mtoto akivimba taya au tumbo haraka, ndani ya siku au wiki chache, au meno yakalegea bila sababu, usimng'oe jino nyumbani wala usisubiri. Mpeleke hospitali, na omba rufaa. Hospitali za Muhimbili na Bugando hutibu saratani za watoto.

Asilimia inayodanganya

Turudi kwa mgawa dawa tuliyeanza naye. Dawa ya usubi huua minyoo michanga, lakini mikubwa inaweza kuishi mwilini kwa miaka 10 hadi 15. Ndiyo sababu dawa hurudiwa kila mwaka kwa miaka mingi, na ndiyo sababu ni lazima wengi wameze. Kwa kudhibiti ugonjwa, angalau watu 65 kati ya 100 wa eneo wanatakiwa kumeza. Kwa kuutokomeza, wanatakiwa 80.

Tuchukue mfano. Kijiji kina watu 1,000 kwenye orodha na 850 wamemeza. Hiyo ni asilimia 85, na ramani ya wilaya itakitia rangi nzuri. Lakini kama kuna vitongoji viwili vya juu vyenye watu 300 ambavyo havikuorodheshwa, watu halisi ni 1,300. Waliomeza ni asilimia 65 tu. Ramani inasema ugonjwa unakwisha, huku inzi wanaendelea kuubeba kutoka juu kuupeleka chini. Aliyemeza na asiyemeza wote wanabaki hatarini.

Na hatari hiyo inawagusa watoto pia. Mahenge, kusini mwa mkoa huu huu wa Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu watu wenye kifafa karibu mwaka 1960, na akaeleza juu ya watoto waliokuwa wakitikisa vichwa. Tafiti za baadaye zimehusisha kifafa cha namna hiyo na usubi mwingi katika jamii. Mtoto mwenye degedege au anayesinzia na kuangusha kichwa mara kwa mara hajarogwa. Kifafa kina dawa, na huanza kutibiwa zahanati.

Siri yako ibaki siri

Pengine unajiuliza: kama nyumba yangu imo kwenye ramani, je, ugonjwa wangu nao utaonekana? Swali hilo ni halali. Ramani ya wazi haipaswi kuonyesha nyumba ya mtu mwenye virusi vya ukimwi, kifua kikuu au ugonjwa mwingine wowote. Takwimu hujumlishwa kwa kijiji, kata au halmashauri kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ukiona ramani ukutani inayoonyesha nyumba za wagonjwa, mwambie mganga mfawidhi aiondoe.

Ufanye nini wiki hii?

Kwanza, muulize mwenyekiti wa kitongoji au mhudumu wa afya ngazi ya jamii kama kitongoji chenu kipo katika orodha ya zahanati. Zahanati nyingi zina ramani ya eneo lao, mara nyingine iliyochorwa kwa mkono. Iangalie. Kama hampo, ombeni muongezwe, na mtaje idadi ya kaya.

Pili, hakikisha kila aliyezaliwa na kila aliyehamia ameandikwa. Wapangaji na vibarua wa mashambani husahauliwa kuliko wote.

Tatu, dawa ya usubi ikija, mezeni. Hawatakiwi kumeza watoto wenye urefu chini ya sentimita 90, wajawazito, mama aliye katika wiki ya kwanza baada ya kujifungua, na mgonjwa mahututi. Kuwashwa, homa kidogo au kuvimba kwa siku chache kunaweza kutokea kwa sababu minyoo inakufa. Ikizidi, nenda zahanati.

Nne, hifadhi namba 115 kwenye simu ya nyumbani, na mfundishe hata mtoto mkubwa kutaja mnapoishi.

Tano, mgeni akija na simu au kishikwambi kuandika nyumba zenu, mwombe kitambulisho, muulize anatoka wapi na taarifa zitatumikaje. Akijieleza vizuri, mpeleke hadi nyumba ya mwisho kule juu. Yeye hawezi kuijua njia hiyo. Wewe unaijua.